Kamba ya Ng'ombe wa Umma

Msinunue ng'ombe kabla hajakojoa. Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mnapenda mtu afike haraka kwenye jambo, na jambo lenyewe ndilo hilo. Muuzaji mjanja humlambisha fahali wake chumvi tangu jana, asubuhi anamshusha majini akiwa na kiu ya kufa, na fahali anakunywa mpaka mbavu zinapotea. Ukimkuta sokoni utadhani ni mtoto wa tajiri. Mnunuzi mgeni analipa bei ya nyama, kumbe anachopakia kwenye lori ni maji. Mimi nilikuwa namwambia muuzaji wa namna hiyo, "Walaal, ndugu yangu, haraka ya nini, tunywe chai kwanza." Tunakunywa shaah ya maziwa ya ngamia, tunaulizana habari za mvua, za watoto, za mashemeji, na jicho langu liko chini ya mkia wa fahali. Akishamaliza haja yake, ndipo tunaanza kuzungumza bei ya ng'ombe aliyebaki.

Nimefanya udalali wa mifugo hapa Garissa tangu sina ndevu mpaka magoti yalipokataa kusimama juani. Sokoni waliniita Laba Jeer, yaani mara mbili, kwa sababu kila kitu nahesabu mara mbili: vichwa kwanza, halafu mikia. Kimoyomoyo, bila shaka. Kwetu mali ya mtu haihesabiwi kwa sauti. Mwenyewe ataona umemtilia jicho, na ndama wake akivunjika mguu mwezi ujao, ni wewe. Wako waliosema nahesabu hata chembe za sukari kwenye chai. Uongo mtupu. Nahesabu vijiko tu.

Mmenitaka niwaandikie mambo ya kazi yangu, ninyi mnaosomea uhasibu na usimamizi na mipango, ambao kesho mtaitwa kukalia vile viti vinavyozunguka. Nitawaandikia. Ila msitegemee babu mpole wa kuwapigapiga mgongo. Nina hasira. Nimeipima mara mbili na haijapungua hata kidogo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Aden Gurey. Gurey ni jina la utani, mtu wa mkono wa kushoto. Alikuwa mrefu, mkavu, na akikutazama unajikuta unaanza kueleza ng'ombe ulimpata wapi kabla hajauliza. Kwa Gurey nilijifunza mambo mawili ambayo hakuna chuo kimewafundisha, maana kama wangewafundisha, nisingekuwa naandika haya.

La kwanza ni la shuka. Wengi wenu mmepita sokoni mkaona wazee wawili wameshikana mikono, shuka imetupwa juu, wanatazamana kama watu waliogombana. Pale wanazungumza bei. Vidole ndivyo vinavyosema: umeshikwa kimoja, umebanwa vitatu, umekunjiwa cha nusu. Watu wamewazunguka, wanatoa macho, na hakuna anayejua kilichosemwa. Ni haki yao. Fahali ni wako, mfuko ni wako, siri ni yako.

Siku moja Gurey aliletewa mbuzi wa mayatima. Baba yao alikuwa akiuza maziwa Hagadera, akafariki, na mama yao akasema mbuzi wauzwe watoto walipiwe shule. Mnunuzi akaja, akanyoosha mkono chini ya shuka kama kawaida. Gurey akaivuta ile shuka, akajifunga kiunoni.

"Sema kwa mdomo," akamwambia.

"Kwa nini, adeer, mzee wangu? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Wenye mbuzi hawako hapa. Mali ya asiyekuwepo haina shuka."

Akauza mbuzi wale kwa sauti, soko zima linasikia, mpaka wauza miraa wakawa wanapendekeza bei. Nilidhani amechanganyikiwa na jua. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba siku ile aliniwekea sheria nzima ya mali ya umma katika maneno machache, bila kikao na bila chakula cha mchana cha hotelini.

La pili ni la kamba. Sokoni kwetu mnyama hauzwi mpaka dalali anayejulikana amshikie kamba. Pesa zinapohama kutoka mkono huu kwenda ule, dalali anasimama ameshika kamba mbele za watu, na maana yake ni hii: namjua mwenyewe, mnyama huyu si wa wizi, mwenyewe amekubali kuuza, na likitokea lolote njooni kwangu. Tunaita dammaan, dhamana kwa Kiswahili. Na akitokea mtu yeyote akaweka mkono juu ya mgongo wa mnyama akasema "huyu ni wangu, sijauza", biashara inasimama papo hapo, hata kama pesa zimeshahesabiwa, mpaka wazee wamsikilize.

Gurey mwenyewe aliwahi kudanganywa. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri, nguo safi, ananukia udi, alimleta ngamia jike, na Gurey akamshikia kamba. Kosa lake lilikuwa hilo moja: alitazama nguo ya mtu badala ya alama ya shingoni mwa ngamia. Mwezi haukuisha, akaja mzee kutoka upande wa Mandera, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, anatafuta ngamia wake. Alama aliyoitaja ndiyo ile. Gurey hakubishana. Alikwenda kwake akamfungua ngamia wake mwenyewe, anayekamuliwa, akampa yule mzee, mkewe amesimama mlangoni na chombo cha maziwa mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nikamwambia, "Adeer, si umtafute mwizi kwanza?"

"Nitamtafuta. Lakini huyu hakuja kumtafuta mwizi. Amekuja kumtafuta aliyeshika kamba."

Sasa ngojeni niwapeleke kwenye viti vinavyozunguka.

Nilipostaafu kusimama sokoni, kulikuwa na mfuko mmoja wa umma, sitautaja jina, uliowekwa kwa ajili ya ukame. Mvua ikikosa, pesa inunue majani makavu, ilete maji kwa malori, iokoe mifugo iliyobaki. Kamati ilitakiwa iwe na mzee mmoja wa biashara ya mifugo. Wakanichagua mimi, nadhani kwa sababu walisikia magoti yangu ni mabovu wakafikiri na masikio ni vilevile.

Mkubwa wa mfuko aliitwa Muktar. Kijana wetu, ana shahada, kichwa kizuri, na mkono mwepesi wa kusalimu wazee. Mhasibu alikuwa msichana anayeitwa Fartun, aliyerudi kutoka chuo Nairobi, mwenye Kisheng cha huko na tabia ya kuuliza. Kulikuwa na sheikh mmoja, na wengine ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuunga mkono. Hao siwasemi vibaya. Kuunga mkono ni kazi, inachosha bega.

Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na pesa ilikuwa imekaa benki. Siku hiyo Muktar akasimama akasema kwamba fedha ikilala inaoza. Kuna kampuni, akasema, ina shamba kando ya mto Tana, inanenepesha mafahali kwa ajili ya mabucha ya Nairobi. Tuwekeze. Mfuko uwe na hisa, faida irudi, tuwe na pesa maradufu siku ya ukame.

Nikamwambia, "Muktar, pesa ya ukame ni kama maji ya bwawa. Kazi yake ni kulala. Umeshasikia mtu akilitukana bwawa kwa sababu halitembei?"

Wakacheka. Nilizoea kuchekwa, ni sehemu ya biashara. Mtu anayecheka hulegeza mkono, unampunguzia bei. Lakini siku hiyo wao ndio walikuwa wanauza.

Sheikh akauliza swali moja. "Kuna riba?"

"Hakuna riba, sheikh. Ni hisa. Faida na hasara tunagawana."

"Basi, bismillahi."

Hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka, na haijapoa. Haramu tumeifanya ndogo mpaka inaingia kwenye kibiriti. Riba, nguruwe, pombe, basi. Ukishapita hizo tatu, pesa ya watu fanyia utakalo. Hakuna aliyeuliza fahali wale watakunywa wapi, na nani atakosa kunywa ili wao wanywe.

Aliyeuliza ni Fartun. Alikuwa ameifunua ramani ya shamba mezani, kidole kiko kwenye mstari mwekundu.

"Adeer, hii hapa haijakaa poa," akaniambia. "Hii fensi inafika mpaka mtoni. Hapa katikati ni nini?"

Nikatazama. Ilikuwa Malka Habaas. Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni. Haikulimwa na mtu wala haikuuzwa na mtu. Mababu waliiacha wazi kati ya mashamba ili mfugaji anayetoka nyikani awe na pa kunyweshea bila kukanyaga mahindi ya mwenziwe. Na Malka Habaas ndipo dada yangu Dahabo alipokuwa akishusha ng'ombe wake. Dahabo ni mjane. Hana duka, hana pensheni, hana mtoto Ulaya. Alikuwa na ng'ombe na ile njia.

"Muktar," nikasema, "hii ni malka."

"Najua, mzee."

Sikilizeni hapo, vijana. *Najua.* Msije mkaambiwa baadaye kwamba hawakujua, kwamba ramani ilikuwa ndogo, kwamba mtaalamu alipitiwa. Alijua. Mimi nilijua. Fartun alijua. Chumba kizima kilijua.

"Malka ziko nyingi," Muktar akaendelea. "Watashukia ingine."

"Ingine iko wapi?"

"Si mbali."

"Si mbali kwa gari au si mbali kwa ndama?"

Akatabasamu. "Mzee Laba Jeer, maendeleo iko na bei yake."

"Sawa. Mimi ni dalali, bei hainitishi. Mkataba uko wapi tuone bei?"

"Mkataba ni siri ya biashara. Wenye kampuni wamesema hivyo."

Nikamwona Gurey akijifunga shuka kiunoni. Pesa ya watu ambao hawamo chumbani, na mikono iko chini ya shuka! Nikasimama, magoti na yote. Nikawaambia hivi: sokoni kwetu mnyama hauzwi bila mtu wa kushika kamba. Mimi sikatai. Kila anayetaka pesa hii iende shambani ainue mkono, lakini akiinua, ataje na mnyama mmoja wa nyumbani kwake. Pesa ikipotea, au malka ikifungwa watu wakaumia, mnyama huyo anafunguliwa. Anza wewe, Muktar, una ngamia wazuri kwa baba yako.

Mmoja akasema, "Haki ya Mungu, huyu mzee anafikiri tuko soko ya mbuzi."

"Natamani tungekuwa," nikasema. "Soko ya mbuzi iko na heshima."

Wakapiga kura. Mikono ikapanda bila mnyama hata mmoja kutajwa. Mimi peke yangu nilikataa. Fartun hakuwa na kura, alikuwa wa kuandika tu, na aliandika huku amekaza meno. Posho ya kikao nilichukua. Nilikuwa nimekaa.

Basi fensi ikafungwa. Na kama mnavyoijua dunia, mvua nayo ikasikia. Deyr, ile ya mwisho wa mwaka, ilikosa kabisa. Gu tuliyoingoja baada yake ilipita juu kama ndege ya watalii, tukaishia kuiangalia. Nyika ikawa nyeupe.

Dahabo aliwashusha ng'ombe wake mpaka Malka Habaas akakuta waya na geti, na bawabu wa kutoka mbali ambaye hakuwa na ubaya wowote, kijana aliyeajiriwa tu.

"Mama, hapa hapapitwi. Ni mali ya kampuni."

"Mwanangu, mimi sitaki mali. Nataka maji."

"Maji pia iko ndani."

Ndani ya fensi mashine ilikuwa inavuta maji kwenye mabirika marefu ya saruji, na mafahali wa mfuko, wanene, wanakunywa taratibu kama watu wa harusi. Ng'ombe wa Dahabo wakanusa maji. Ng'ombe mwenye kiu hajui kusoma kibao. Walijisukuma kwenye waya mpaka wakatoka damu, na Dahabo akawa anawapiga fimbo kuwarudisha nyuma, anawapiga na analia, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimpiga ng'ombe maishani mwake.

Akazunguka kwenda malka nyingine. Ile ya "si mbali". Wa kwanza kulala njiani alikuwa Adey, jike mweupe aliyekuwa akiongoza kundi. Kundi likipoteza kiongozi linatawanyika, na waliotawanyika hawakufika wote. Waliofika walikuwa ngozi na macho. Ndama hawakuwemo.

Nikaenda ofisini kwa Muktar. Nilimwambia: mvua imekosa, huu ndio ukame wenyewe, toa pesa ya ukame. Majani makavu yanauzwa, malori ya maji yako, nunua.

"Mzee, pesa haiko benki. Pesa iko kazini."

"Inafanya kazi gani?"

"Inazalisha."

"Itazaa lini? Maana ng'ombe wa dada yangu wanakufa wiki hii."

"Mkataba hauturuhusu kutoa kabla ya muda, adeer. Hata mimi naumia." Na nadhani aliumia kweli. Sijali. Gurey pia aliumia, lakini yeye alimfungua ngamia.

Nilirudi kwa Dahabo nikamwambia jibu nililopewa: pesa iko kazini. Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yameharibika. Akasema tu, "Haya."

Halafu ikaja ile Jumatano, siku ya soko. Kampuni ilileta mafahali wake sokoni. Mimi nilikuwepo, na fimbo yangu, nimekaa kivulini kwenye kibanda cha chai kwa sababu nyumbani hakuna anayenielewa. Mafahali wakashuka kwenye malori, Wallahi walikuwa wanang'aa. Na Njoroge, mnunuzi wa siku nyingi kutoka Nairobi, mtu wa utani lakini hasomeki usoni, akawazunguka mara moja, akaridhika.

"Wako sawa," akasema. "Nani anashika kamba?"

Maana Njoroge hanunui bila mtu wa soko. Amewahi kusimamishwa njiani na ng'ombe wasiokuwa na mwenyewe, na alilala pale alipokuwa hajapanga kulala.

Mtu wa kampuni akamwita Hassan. Hassan ni dalali niliyemfundisha mimi, kama Gurey alivyonifundisha. Akaja, akaupokea mwisho wa kamba lakini hakuukaza.

"Hii ng'ombe ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya kampuni."

"Kampuni ni ya nani?"

"Kuna wenye hisa. Mkubwa wao ni mfuko wa ukame."

"Na mfuko ni ya nani?"

Yule mtu akaanza kutoka jasho. "Si ni ya wananchi?"

Hassan akaiachia kamba ikaanguka vumbini. Akageukia watu, na sauti yake ni ya kuita ng'ombe, inasikika mpaka barabarani. "Warya! Wananchi ni nyinyi. Kuna mwenye ameuza hii ng'ombe?"

Soko zima likageuka kumtazama. Hata mbuzi, nadhani.

Ndipo Dahabo akatoka upande wa wauza maziwa. Alikuwa amekuja kuuza ng'ombe wake wa mwisho kwa bei ya ngozi, na alikuwa ameshawauza; kamba tupu zilikuwa begani. Akatembea mpaka kwa fahali mkubwa kuliko wote, mwekundu, akaweka mkono mgongoni mwake.

"Huyu ni wangu," akasema. "Sijauza."

"Mama, tafadhali," mtu wa kampuni akasema, "huyu ni wako vipi?"

"Amenunuliwa na pesa yangu. Amekunywa maji yangu. Amekula majani ilikuwa ya ng'ombe yangu. Kitu gani yake si yangu? Mkia?"

Watu wakaangua kicheko, lakini kile kicheko hakikuwa cha furaha. Mzee mmoja akaja akaweka mkono kwa fahali wa pili. "Huyu ni wangu, sijauza." Mwanamke mwingine kwa wa tatu. Kijana mmoja wa kutoka Ifo, anayeendesha mkokoteni wa punda, akauliza kama naye anaruhusiwa; akaambiwa akae foleni. Na sheria ya soko mnaijua sasa: mkono ukishawekwa, biashara imesimama mpaka wazee wasikilize. Wazee wakaitwa. Wazee, kwa bahati mbaya sana, walikuwa wanakunywa chai. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nikaagiza nyingine.

"Laba Jeer," Njoroge akaniita kutoka kule juani, "hii kesi yenu itachukua muda gani?"

"Mpaka ukweli utoke," nikamjibu.

Na ukweli ukatoka. Jua lilipopanda, mafahali wakaanza kukojoa. Walikojoa, wakakojoa. Walikuwa wamelambishwa chumvi na kunyweshwa maji ya Malka Habaas kabla ya kupakiwa, na sasa mto Tana ulikuwa unarudi ardhini mbele ya macho ya watu wote. Mbavu zikaanza kujitokeza moja moja. Ilipofika adhana ya alasiri, wale watoto wa matajiri walikuwa ng'ombe wa kawaida kabisa. Njoroge akawazunguka tena, akatikisa kichwa, akapanda lori lake tupu. Alinipungia mkono. Alikuwa anacheka, pesa yake ilikuwa imesalimika.

Ningeweza kuishia hapo mkafurahi. Mimi si mwimbaji wa harusi, niwaambie yaliyobaki. Soko lilishinda siku moja. Baada ya hapo malori yakawa yanapakia kulekule shambani na kwenda zao Nairobi, na huko hakuna Hassan. Faida haikuonekana. Kila kikao ilikuwa njiani, inakuja, kama mgeni anayepiga simu kutoka mji wa pili. Fartun aliuliza maswali mpaka akahamishiwa ofisi isiyokuwa na kazi, akaacha, na sasa anafanya hesabu za wauza maziwa, ambao wanamlipa kwa wakati. Muktar yuko. Amepandishwa cheo. Sheikh aliniambia siku moja baada ya swala, "Laba Jeer, mimi niliuliza riba." Nikamwambia, "Najua, sheikh. Na walikujibu ukweli." Hakunisalimia wiki nzima, halafu akanisalimia sana.

Watu wa viti hupenda kusema mzee huyu anachukia biashara. Mimi! Nimekula biashara, nimeoa kwa biashara. Serikali ikitaka kuwekeza, iwekeze. Lakini pesa ya mfugaji isinunue waya wa kumfungia mfugaji. Iliyowekwa kwa siku mbaya ikae mahali ambapo siku mbaya ikija inaweza kushikwa kwa mkono. Shuka itoke. Na anayeinua mkono ashike kamba, kwa jina lake, mbele za watu, na ajue mnyama gani atafunguliwa zizini kwake. Mnasema hilo haliwezekani katika serikali. Sokoni linawezekana kila Jumatano, na wengi wetu hatujui kusoma.

Malka ilifunguliwa. Kelele za soko zilifika mbali kuliko nilivyofikiri, na baada ya mvua kurudi, wakati kila dimbwi nyikani limejaa, wakaja na hema na viti vya plastiki na kibao kilichoandikwa kwamba njia hii imetolewa kwa jamii kwa hisani. Kwa hisani! Njia ya mababu zetu, tunapewa kama soda. Kulikuwa na utepe. Kulikuwa na mpiga picha. Muktar alitaka ng'ombe wa kwanza kupita wawe wa Dahabo, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshazunguka, na picha ingependeza.

Dahabo akaja. Alikuwa amevaa vizuri, amebeba mtungi wa plastiki wa njano. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Muktar akatazama barabara, akamtazama yeye. "Eeddo, shangazi, karibu. Ng'ombe wako wapi?"

"Wako kazini," Dahabo akasema.

Akapita chini ya utepe bila kuukata, akashuka malka peke yake mpaka ukingoni, akainama akanywa kwa kiganja, akaujaza mtungi, akapanda. Mpiga picha hakujua la kufanya na mashine yake. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilihesabu ng'ombe walioshuka njia ile siku hiyo. Halafu nikahesabu tena.